Kabla fundi hajasema SSD imekufa, ahesabu mapengo yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo, lakini mimi limenigharimu wiki tatu za kazi pamoja na fedha ambazo mwenye steshenari wa Uyole haziokoti barabarani. Gazeti lako limekuwa likiwashauri wenye kompyuta za zamani wasizitupe, bali watoe diski ya kuzunguka na kuweka SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, na ushauri huo ni sahihi kabisa. Mimi mwenyewe niliufuata. Kilichokosekana ni onyo kwamba jina hilo moja la SSD limebeba vitu visivyofanana, kwamba kifaa kinaweza kuingia kwenye nafasi yake barabara na bado kompyuta isikione, na kwamba kutoonekana kwake si cheti cha kifo.

Kompyuta yangu ya mezani ni ya mtumba, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu, yaani ya mwaka 2012 hivi, kama zilivyo nyingi zinazofanya kazi kwenye steshenari kuanzia Mwanjelwa hadi Tukuyu. Kazi yake ni kuchapa, kudurufu na kujaza fomu za maombi ya vyuo na ajira, na asubuhi za Juni, baridi ya Uyole ikiwa imeshika, ilikuwa inaniachia muda wa kuchemsha chai na kuimaliza kabla Windows haijafunguka. Mazabodi ya umri huo, yaani ubao mkuu wa kompyuta, haina sloti ya M.2, ile nyembamba inayolaza kijiti cha SSD chenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, ambacho wauzaji hukiita 2280 kwa sababu ya vipimo hivyo. Muuzaji mmoja hapa mjini aliniambia hilo si tatizo, ninunue kijiti cha M.2 pamoja na kadi ya adapta ya kukichomeka kwenye sloti ya PCIe, pale ambapo watu wa michezo ya kompyuta huweka kadi ya picha. Bei ya vyote viwili ilikaribia gunia la viazi mviringo kwa msimu ule. Nikalipa, nikapewa risiti iliyoandikwa "SSD 1, kadi 1".

Nilikifunga mwenyewe, kompyuta ikiwa imezimwa na waya wa umeme umetolewa. Kijiti kiliingia kwenye kadi bila kulazimishwa, nikakilaza na kukibana kwa skrubu yake ndogo, kadi nayo ikakaa kwenye sloti kama imezaliwa humo. Nilipowasha, taa ndogo ya kijani kwenye kadi iliwaka, nikafurahi. Kwenye BIOS, ile programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa, hakukuwa na kitu. Kwenye Windows hakukuwa na kitu. Fundi niliyempelekea alikichomoa, akakipuliza, akakirudisha, akatikisa kichwa na kusema, "Mzee, hii imekufa, irudishe dukani." Dukani wakasema waliponiuzia ilikuwa nzima, hivyo nimeiunguza mimi. Sikutaka ugomvi, nikaagiza nyingine Dar es Salaam ikaja kwa basi, na ilipofika ilifanya vilevile: taa inawaka, kompyuta haioni kitu. Safari hii fundi alihamisha msiba kutoka kwenye SSD akaupeleka kwenye mazabodi.

Aliyeutatua ni binti wa dada yangu, anayesoma chuo Iringa, aliyekuja likizo. Baada ya kuniamkia aliuliza kwa nini kompyuta iko wazi kama kuku aliyepasuliwa, nikamsimulia. Hakuiwasha. Alikichukua kijiti, akakiinamisha chini ya tochi ya simu, akapitisha ukucha kwenye ukingo wenye vijino vya rangi ya dhahabu. "Mjomba, hiki kina mapengo mawili," akasema, "na kadi yako ni ya NVMe. Hivi viwili haviongei."

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii, kwa hiyo naomba uvumilivu. M.2 ni umbo tu la kifaa na la sloti. Haisemi chochote kuhusu lugha ambayo kifaa kinatumia kuzungumza na kompyuta. Vijiti vya umbo hilo vimegawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza unatumia SATA, njia ileile iliyokuwa ikitumiwa na diski za kuzunguka, na mwendo wake hauzidi takriban megabaiti 550 kwa sekunde hata kifaa kiwe bora namna gani. Ukoo wa pili unatumia NVMe, utaratibu uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2011 mahususi kwa ajili ya SSD, ambao hupita moja kwa moja kwenye njia za PCIe na kufikia maelfu ya megabaiti kwa sekunde. Vijiti vya koo hizi mbili vina urefu mmoja, upana mmoja na mara nyingi hata rangi moja, na ukiviweka mezani bila lebo, mtu asiyejua ataapa kwamba ni mapacha.

Tofauti unaiona kwenye mapengo. Kijiti cha NVMe kwa kawaida kina pengo moja tu, lililo karibu na ncha moja ya ukingo wa vijino, na upande mfupi wa pengo hilo hubaki vijino vitano. Pengo hilo hutambulika kwa herufi M. Kijiti cha SATA mara nyingi kina mapengo mawili, hilo la M pamoja na jingine la upande wa pili liitwalo B, ambalo hutenga vijino sita. Kwa kuwa kijiti chenye mapengo mawili kina pengo la M pia, kinaingia vizuri kwenye sloti ya M, na mtego uko hapo hapo: mkono unakubali, jicho linakubali, skrubu inabana, lakini mazungumzo hayaanzi. Niongeze tahadhari ambayo binti yule alinisisitizia, kwamba mapengo ni dalili nzuri lakini si hukumu, kwa sababu viko vijiti vichache vya NVMe vya mwendo mdogo ambavyo navyo vilitengenezwa na mapengo mawili. Kinachomaliza ubishi ni lebo. Ikiandikwa NVMe au PCIe, ni ukoo wa pili. Ikiandikwa SATA, ni wa kwanza. Ikiwa haisemi lolote, namba ya modeli itafutwe kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla fedha haijatoka mfukoni.

Na ile taa ya kijani iliyonidanganya? Kadi za bei nafuu za namna hii hazina akili yoyote ndani yake. Ni njia za shaba zinazotoka kwenye vijino vya PCIe hadi kwenye sloti ya M.2, pamoja na vipande vichache vya kusawazisha umeme, kwa sababu kijiti hutumia volti 3.3. Taa inaonyesha kwamba umeme umefika kwenye kadi, wala haisemi kwamba kompyuta imekitambua kilicholala juu yake. Kadi haitafsiri SATA kuwa PCIe, kwa kuwa kazi hiyo ingehitaji chipu ya kudhibiti ambayo haimo. Nimeona pia kadi zenye sloti mbili, moja ya NVMe na nyingine ya SATA, na wanunuzi wengi hawajui kwamba ile ya SATA haipitishi data kwenye PCIe hata kidogo. Kadi huipa umeme tu, na data ni lazima ipite kwenye kebo ya SATA inayotoka ukingoni mwa kadi kwenda kwenye mazabodi. Asiyeifunga kebo hiyo atasubiri mpaka mahindi ya Isangati yakomae.

Kwa hiyo anayechagua kadi aanze na kijiti alichonacho, kisha aitazame mazabodi. Kijiti cha NVMe kinataka njia nne za PCIe, na kadi yake inakaa kwenye sloti ya x4 au iliyo ndefu zaidi. Zipo kadi fupi za x1, zinafanya kazi, ila mwendo unabanwa: njia moja ya PCIe ya toleo la pili hupitisha megabaiti 500 kwa sekunde, na ya toleo la tatu hukaribia megabaiti 1,000, hivyo mtu anayelipia NVMe ya bei kubwa na kuiweka kwenye x1 ya mashine ya zamani amenunua basi la kubebea abiria mmoja. Kadi ndefu za kubeba vijiti viwili au vinne nazo zina mtego wake, kwani nyingi hutegemea mazabodi iweze kuigawa sloti ya x16 katika mafungu ya njia nne nne, na mazabodi isiyo na uwezo huo itaona kijiti kimoja tu huku vingine vikionekana vimekufa. Kadi zenye chipu ya kugawa njia zenyewe zipo, lakini bei yake ni ya juu mno kwa steshenari, na sioni sababu ya mtu wa kazi zetu kuzinunua.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji wangu hakunieleza, nami sidhani kwamba alilijua. Hata kama angeniuzia NVMe sahihi, kompyuta yangu isingewaka kutoka kwenye kijiti hicho. Mazabodi za umri wa 2012 kwa kawaida hazina maelekezo ya NVMe ndani ya BIOS yake. Uwezo huo ulianza kuenea kwenye mazabodi za kuanzia mwaka 2014 na 2015. Tuliazima kijiti cha NVMe kwa jirani tukakijaribu kwenye kadi yangu: BIOS haikukiona, lakini Windows 10 ilipofunguka kutoka kwenye diski ya zamani ilikitambua mara moja, kwa sababu ina draiva yake ndani, yaani programu ya kuzungumza na kifaa hicho. Kilifaa kuhifadhi mafaili, hakikufaa kuwasha mashine. Anayetumia Windows 7 hata hilo hatalipata bila kwanza kuongeza draiva, kwani Windows hiyo ilitoka mwaka 2009, kabla NVMe yenyewe haijazaliwa. Kumbe basi swali la kwanza la muuzaji lilipaswa kuwa "kompyuta yako ni ya mwaka gani?", wala si "unataka gigabaiti ngapi?"

Mafundi wetu nawaheshimu, na wengi wanatuokoa kwa ujira mdogo, lakini nawaomba waweke utaratibu kabla ya kutamka kifo. Mahali pa kwanza pa kutazama ni BIOS, kisha programu ya Windows ya kusimamia diski, inayofunguka kwa kuandika diskmgmt.msc kwenye kisanduku cha kutafuta. SSD mpya kabisa haina patisheni, yaani fungu lililotengwa la kuhifadhia, wala herufi, hivyo haiwezi kuonekana kwenye orodha ya C na D ambako wateja wengi hutazama. Iko hai, inasubiri kuandaliwa. Hapo Windows huuliza kama utumie MBR au GPT, namna mbili za kupanga mafungu ya diski, na kwa diski inayozidi terabaiti 2 jibu ni GPT, kwa kuwa MBR haifiki huko. Lakini naomba nikazie hili: ikiwa diski ilikuwa na mafaili ya mtu na Windows inaomba kuiandaa upya, fundi asikubali. Nimewahi kuletewa diski ya mwanafunzi iliyokuwa na tasnifu yake yote, tayari imeshaandaliwa na kufomatiwa na mtu aliyetaka tu ionekane, na kweli ilionekana, ikiwa tupu.

Ikiwa hata BIOS haioni kitu, bado kuna mengi ya kupima. Kwa SSD ya SATA ya inchi 2.5, kebo ibadilishwe kwanza, maana kebo ni rahisi na huchoka, kisha ijaribiwe sloti nyingine ya SATA na waya mwingine wa umeme. Kwa kijiti kwenye kompyuta yenye sloti yake ya M.2, kitolewe na kuingizwa tena kwa mshazari hadi vijino visionekane karibu vyote, ndipo kilazwe na kubanwa. Kitabu cha mazabodi kisomwe, kwa sababu sloti nyingine za M.2 hukubali SATA peke yake, nyingine NVMe peke yake, na nyingine zikitumika huzima sloti mbili za SATA zinazogawana nazo njia, kiasi kwamba mtu anaweka kijiti kipya na kushangaa diski yake ya zamani imetoweka. Kwenye kompyuta mpakato za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea kuna kituko kingine: BIOS inaiona SSD, lakini programu ya kusakinisha Windows inadai hakuna diski, na sababu mara nyingi ni mpangilio uitwao VMD, unaohitaji draiva ya Intel ipakiwe kwanza kutoka kwenye flashi. Kuuzima mpangilio huo kwenye BIOS pia husaidia, ila usizimwe kiholela kwenye mashine ambayo tayari ina Windows inayofanya kazi, kwani inaweza kugoma kuwaka.

Kwetu huku ambako umeme unaweza kukatika katikati ya ukurasa, liko pia tatizo la SSD iliyokuwa ikifanya kazi jana na leo haionekani. Kukatika kwa ghafla kunaweza kuvuruga ramani ambayo SSD hutumia kujua nini kimehifadhiwa wapi. Baadhi ya watengenezaji hushauri ipewe umeme peke yake bila kebo ya data kwa muda wa dakika 20 au 30, izimwe, irudiwe tena, ili kifaa chenyewe kipate nafasi ya kujenga upya ramani hiyo. Si dawa ya kila ugonjwa, lakini haigharimu chochote, na nimeshuhudia SSD moja ikirudi kwa njia hiyo baada ya mwenyewe kukata tamaa. Aliyeirudisha anapaswa kunakili mafaili yake siku hiyohiyo.

Mwisho wa mkasa wangu ulikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Vijiti vyangu viwili vya SATA vilikuwa vizima tangu mwanzo. Binti alitafuta kasha dogo la inchi 2.5 linalopokea kijiti cha M.2 cha SATA na kutoa vijino vya kawaida vya SATA, akakifunga humo, akaunganisha kebo. Alichagua mojawapo ya sloti mbili za SATA zenye kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde, kwani kwenye mazabodi nyingi za umri ule sloti nyingine ni za gigabiti 3, na SSD ikiwekwa huko hupoteza karibu nusu ya mwendo wake. Akahamisha Windows kutoka kwenye diski ya zamani, na asubuhi iliyofuata kompyuta ilikuwa tayari kabla birika halijaanza kuimba. Kusema kweli, kama ningenunua tangu siku ya kwanza SSD ya kawaida ya inchi 2.5, nisingehitaji kadi, kasha wala kijiti cha pili, na kwa kuchapa barua na kudurufu vyeti hakuna mteja ambaye angetambua tofauti ya mwendo kati yake na NVMe. Hilo ndilo ninalomshauri kila mwenye mashine ya umri wa yangu.

Kwa wauzaji ombi langu ni moja, nalo halihitaji mtaji. Risiti isiishie kwenye "SSD 1, kadi 1". Iandikwe SATA au NVMe, umbo lake, ujazo wake na namba ya modeli, na kwenye kadi iandikwe inapokea ukoo upi na ina njia ngapi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini sikuandika barua hii kwa nia ya kumfikisha mtu kwenye Tume ya Ushindani. Naamini aliyeniuzia naye aliuziwa hivyohivyo. Ningefurahi pia kama gazeti lako litachapisha picha mbili za vijiti hivyo, kimoja cha pengo moja na kingine cha mapengo mawili, kwa ukubwa wake halisi, ili msomaji wa Makambako au Mafinga aende dukani na ukurasa mkononi.

Kadi yangu ya NVMe bado iko kwenye droo, nzima, na taa yake inawaka. Fundi niliyemtaja amekuja juzi kuiomba kwa ajili ya mteja mwenye mashine ya mwaka 2016, na kabla ya kunyoosha mkono kuipokea alitoa kijiti cha mteja mfukoni, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye steshenari,
Uyole, Mbeya